Ndege Hajui Kuhesabu

Kila kijana anayeingia mu nyumba yangu hapa Kibabi anasimama mbele ya ile foto ya ukutani, anainamisha kichwa, kisha anauliza: Papa, mbona hii foto iko mubaya hivi? Hamuna haya, ninyi. Hata chai hamujakunywa bado. Lakini ukweli ni ukweli, iko mubaya. Iko na giza, kadege kenyewe kamekaa pembeni, na nyuma yake kuko alama nyeupe ambayo fundi mwenye akili angeificha wakati wa kutengeneza. Nilipiga foto za ndege nzuri kuliko hiyo, mingi sana, zingine zilienda mpaka Ulaya. Sikutundika hata moja. Nimetundika hii tu.

Nitawaambia sababu, lakini mukae kwanza. Na muzime ile simu inayoimba sauti ya ndege. Najua munachofanya siku hizi. Munabonyeza, simu inaimba, ndege dume anafikiri adui ameingia kwake, anatoka mbio kupigana, ninyi munapiga foto. Halafu munabonyeza tena. Mutu wa watu anapigana na simu mpaka anasahau kulisha watoto wake. Hiyo si kazi, hiyo ni uchokozi.

Sisi tulikuwa tunafanya kazi na siafu.

Musicheke. Hako kadege munakoona kako na kifua cha rangi ya machungwa, kanaenea mu kiganja, na kanakaa chini kabisa mu pori, pale jua haifiki, kwenye ile pori inayoteremuka kutoka milima yetu ya Masisi kwenda Walikale. Ukikatafuta, hukaoni. Ukisikia sauti yake, kamekwisha kwenda. Bibi yangu, mama ya watoto wangu, alikapatia jina, alikaita Muoga. Na mimi pia, siku zingine akikasirika, alikuwa ananiita vile vile: muoga anaenda kupiga foto ya muoga.

Lakini Muoga iko na tumbo. Siafu wakitoka kuwinda, panzi, buibui, mende wa porini, vyote vinakimbia mbele yao, na Muoga anakuja kuokota vile vinavyokimbia. Hali siafu, anakula wakimbizi. Kwa hiyo fundi wa foto za ndege alitembea akiangalia chini. Padri mzee aliyenifundisha kazi alikuwa ananigonga na kidole mu kisogo kila nikiinua macho juu ya miti. Alisema ndege wote wa juu ni wa watalii.

Huyo Padri alikuwa na subira ya kutisha. Mimi sikukuwa nayo. Kibanda changu cha kwanza cha kujificha nilikijenga chini kule, karibu na barabara ya Hombo, na nilikijenga siku moja kwa haraka ya kijana. Nilikata majani mabichi, nikapanga vizuri, kikapendeza. Kesho yake majani yakalegea. Kesho kutwa yakawa ya manjano, katikati ya pori yote ya kijani, na ndege wakahama hiyo sehemu wote. Padri alikuja, akazunguka ile kitu, akauliza kama nimejenga duka. Hapo njo akanionyesha: usikate. Vuta tawi lenye bado linaishi mu muti wake, ulifunge na kamba ya muti, leo moja, kesho lingine, pole pole, mpaka ndege azoee kwamba hapo pori imenenepa kidogo.

Na ile taa! Wakati ule taa ya apareye, ile mashine ya kupigia foto, ilikuwa balbu ndogo ya mara moja. Inawaka kwa nguvu, inakufa, unatia ingine. Mara ya kwanza niliijaribu nyumbani, mu jikoni, bila kuomba ruhusa. Mama Zawadi, njo bibi yangu, alikuwa ameshika nyungu ya maharagi. Maharagi yote yakaenda chini. Tulikula bugali na chumvi ile siku, na kwa muda murefu hakuniruhusu kuingiza apareye mu nyumba, ililala nje pamoja na kuku. Mama mukwe wangu alinitetea, lakini kwa sauti ya chini.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa njo kuko siri ya kazi, na hapa njo kuko ile foto.

Ndege ana macho makali kuliko yako, ana masikio, ana akili. Kitu kimoja hana: hajui kuhesabu. Ukiingia mu kibanda peke yako, anakuona unaingia, na atakaa mbali siku nzima akingoja utoke. Lakini mukiingia wawili, halafu mumoja akatoka, akaenda zake akifanya makelele, ndege anasema: aa, mutu ameenda. Anarudi. Anakula. Anakupatia mugongo. Kwa hiyo kila fundi alipaswa kuwa na mutu wa kutoka. Na jioni ao saa ya kumaliza, ule mutu anarudi kukuchukua, tena kwa makelele, ili ndege asijue kwamba kile kibanda kinazaa watu.

Mutu wangu wa kutoka alikuwa Mama Zawadi. Shamba letu la maharagi na mihogo lilikuwa njiani, kwa hiyo aliniingiza, akatoka, akalima, akarudi kunichukua. Alikuwa anatoka akiimba wimbo wa kanisa, na akirudi anaimba tena. Tuliimba sisi wawili kwaya moja, njo kule nilimuona mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa inapanda mlima wote. Nikiisikia inakuja, nilikuwa nafungua miguu ya apareye na kunyoosha mugongo.

Tena alikuwa na jambo lake la majivu. Alibeba majivu ya jikoni mu kikopo, akayamwanga kuzunguka kibanda, sababu siafu hawapendi kupita mu majivu. Bila hiyo, kazi ya kukaa karibu na njia yao haiwezekani. Padri mwenyewe alikuwa anavaa buti ndefu na kupaka mafuta ya taa, na bado walimupata.

Halafu ikakuja ile myaka ya mubaya. Ninyi mumesikia kwa babu zenu, kila mutu ana yake, sitaongeza. Nitasema tu kwamba bunduki ilikuwa inabadilisha mikono, leo hawa, kesho wale, na sisi watu wa kulima hatukuuliza ni ya nani. Ukiisikia, unalala chini. Padri alienda kwao. Aliniachia apareye, balbu kidogo na filme ya mwisho. Watu wakaanza kushikwa njiani kubeba mizigo, na wengine hawakurudi. Kwenye kilima cha ngambo kulikuwa mwanaume mwenye radio. Walikuja, wakamuuliza anasema na nani mu ile radio, akasema hii haisemi, inasikiliza tu. Wakaenda naye. Bibi yake alipika chakula chake kila jioni, muda murefu sana.

Sasa fikiri: mwanaume wa radio ni hivyo, na mimi niko na kitu chenye jicho ya kioo, chenye miguu mitatu, na ninakaa nacho mu majani, nimejificha. Ungemuambia nini askari? Napiga foto ya kadege? Mimi mwenyewe nisingejisadiki. Nilikuwa naogopa kila siku, sifichi. Nilikuwa naogopa nikiamuka, nikila, nikifunga vifungo vya shati. Utaniuliza kwa nini niliendelea. Mutu hajui kazi ingine ya kufanya na mikono yake, njo sababu. Na ile filme ilikuwa ya mwisho, nilitaka Muoga aingie ndani yake kabla mimi ao yeye hajakufa.

Ni Mama Zawadi aliyekuta kiota cha siafu, chini ya shamba, pale pori inaanza. Tulifunga matawi pole pole. Siku ya kazi tukaacha watoto kwa mama yake, tukashuka asubuhi, ukungu bado iko mu bonde. Njia ilikuwa na utulivu. Aliniingiza, akamwanga majivu, akaniwekea maji, akaniambia nisikohoe. Akachukua kitunga chake cha kubebea mihogo, akatoka akiimba.

Nilikuwa nasikia sauti inaenda mbali, nikatia balbu, nikaweka jicho kwenye kioo. Kwa kawaida anaimba mpaka kwenye kamto kadogo, na hapo maji yanafunika sauti. Ile siku hakufika kwenye kamto. Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Nikangoja neno limalizike. Halikumalizika.

Nikajiambia amejikwaa. Nikajiambia amekutana na mutu wa kanisa, wanasalimiana. Kisha ndege walinyamaza, kwanza wale wa upande wa njia, halafu wa karibu, mpaka pori yote ikawa kimya. Nilitoa balbu mu taa pole pole, sababu kama mukono ungegusa kifungo, ile mwangaza ingetuua. Hiyo njo giza munayoiona kwenye foto.

Walikuja wanaume wane na bunduki. Wa mbele alikuwa amevaa kofia, na wa mwisho alikuwa amebeba kitunga cha bibi yangu.

Ee Mungu wangu. Nilikitambua sababu pembeni kilipasuka na mimi mwenyewe nilikishona. Nilimutafuta nyuma yao, hayuko. Nikaangalia panga zao, kama ziko na damu, na kutoka pale nilipokaa sikuweza kuona.

Wakakaa. Pori kubwa hivi, wakakaa mbele ya kibanda changu, mule mule nilimotengenezea ndege uwanja. Wa kofia alinipatia mugongo, karibu sana, nilikuwa nasikia harufu ya tumbako yake. Katika maneno yao, Lingala na Swahili pamoja, njo nikaelewa: mwanamuke aliwaona, akatupa kitunga, akaingia mu majani. Hawakumupata. Walimutaka sababu walikuwa na mizigo juu ya njia na hawana wa kubeba. Moyo wangu ukapumua. Halafu wa kofia akasema neno lililonirudisha chini.

"Tumungoje hapa. Mwanamuke haachi kitunga chake. Atarudi tu."

Mimi nilijua atarudi, lakini si juu ya kitunga. Saa ya kunichukua ingefika, na yeye angekuja kunichukua. Nikipiga kelele akimbie, hatakimbia. Namujua, angekuja moja kwa moja pale sauti yangu inatoka. Nikinyamaza, atakuja. Nilifungwa pande zote mbili. Kazi yote ya ndege ni kunyamaza na kungoja, nilikuwa nimeifanya myaka, na sasa kungoja kwenyewe kulikuwa kunamuleta kwenye mikono yao.

Mumoja wao akasimama, akaja kukojoa. Alichagua wapi? Kwenye kibanda changu. Majani yalikuwa mazuri, Padri angefurahi. Nilifunga macho, kama kwamba nisipomuona na yeye hataniona. Nikasikia anaacha ghafula, anaita wenzake. Ameona majivu.

Wa kofia akaja, akachuchumaa. Kati ya uso wake na kioo cha apareye kulikuwa majani machache tu. Akatia vidole mu majivu. Watu wa vita wanajua majivu: yakiwa ya moto, mwenye kupika iko karibu. Umande ulikuwa umeyalowesha, yalikuwa baridi. Akasema ni ya zamani, wawindaji walilala hapa, na akayatawanya na buti yake kwa hasira. Nikamushukuru Mungu kwa umande. Halafu nikakumbuka yale majivu yalikuwa pale kwa kazi gani.

Siafu hawakukawia. Kwanza walipanda kwa wageni, sababu walikuwa wamekaa katikati ya njia yao. Ungekuwa mutu wa kucheka, ungecheka: wanaume wane na bunduki, wanaruka, wanavua suruali, wanajipiga makofi kwenye mapaja na kutukana mama ya kila mutu. Mimi sikucheka, sababu pale buti ilipofungua majivu waliingia kwangu pia. Walipanda kwenye kifundo, kwenye goti, wakafika kiunoni. Siafu haumi akaacha. Anashika, na kichwa kinabaki hata ukivuta mwili. Nilitia kola ya shati mu meno, machozi yakawa yanashuka, na mwili sikuutingisha. Wazee wanasema kwa muoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mule ndani nililia bila kuwa shujaa.

Walienda, wakiteremuka upande wa Walikale, suruali mukononi. Kitunga walikitupa. Sauti zao zikafifia.

Sikutoka. Vijana wananiuliza kwa nini sikutoka kukimbia kumutafuta bibi yangu, na mimi nawajibu: niliogopa. Nilijua wanaweza kuwa wamejificha kungoja. Nilijua pia kwamba nikitoka, nitaenda kumukuta mahali, na sikutaka kujua ni mahali gani. Nikabaki kutoa siafu mumoja mumoja, mu giza ya majani, ninasema jina lake ndani ya kinywa.

Mbele yangu siafu walikuwa wametawanyika kila upande, na chini yote ilikuwa inakimbia, panzi, buibui. Njo akakuja. Muoga. Akakaa kwenye kale kamuti nilikokaweka mimi mwenyewe asubuhi, akageuza kichwa pembeni, akatazama kitu fulani nyuma yake. Sikufikiri foto. Nawaapia, sikufikiri kitu. Mutu akizama anashika kile mukono wake unajua. Kidole kikabonyeza.

Klak.

Mu ile kimya ilisikika kama kuni inavunjika. Muoga akaruka. Mimi nikaganda, nikasema sasa nimejiua.

"Papa Zawadi." Sauti ilikuwa ndogo, karibu sana. "Njo wewe?"

Alitoka nyuma ya muti mukubwa, ule wenye mizizi mirefu kama ukuta, pale pale mbele yangu. Alikuwa amekaa hapo tangu wale watu walipokuja; aliwafuata nyuma, alipoona wanashika njia ya kibanda. Miguu yake ilivimba yote. Siafu walikuwa wamepita kwake pia, na hakuwa na majivu. Nilitoka nikitambaa, tukaanza kutoleana siafu. Nikamukasirikia, munajua namna mutu anakasirika akiogopa. Nikamuuliza kwa nini hakukimbia nyumbani kwa watoto.

"Niliona wane wanaingia," akasema. "Nikahesabu wane wanatoka, na wewe hauko kati yao. Bunduki haikulia. Lakini kisu hakina sauti, Papa Zawadi. Nilikaa pale, ninaogopa kuja kuona. Halafu nikasikia hiyo kitu yako."

Tulipanda bila njia, kupitia mashamba ya watu, bila kuimba. Kitunga nilibeba mimi. Apareye ilikaa chini ya maharagi makavu mpaka ile myaka ikapita, na filme ndani yake, ndiyo maana imeharibika pembeni.

Nilipotengeneza foto nikaona ile alama nyeupe, nikafikiri ni jua imeingia, nikataka kuikata. Nikaleta taa karibu. Ni kitambala chake cha kichwa. Nusu ya kichwa inachungulia kando ya muzizi, inatazama kibanda. Muoga alikuwa anamuangalia yeye. Mimi fundi, jicho langu kwenye kioo, nilimuona ndege tu, na mutu niliyekuwa namulilia alikuwa mu foto.

Basi, njo sababu.

Huyo anayekuja na sahani ya vikombe njo yeye mwenyewe, mumusalimie vizuri, masikio yake siku hizi ni mazito kidogo. Muone kama kuko kikombe kimepunguka. Hakuna. Aliwahesabu mulipokuwa munaingia, hakuna mutu aliyemutuma. Mukimaliza chai na mukiaga, atasimama kwenye mulango, musimusukume, mupite mumoja mumoja. Atawahesabu tena.